Uhakiki wa Fragile States Index: inatufaa kiasi gani kutambua dola inayoporomoka?

Fragile States Index hutolewa kila mwaka na Fund for Peace, shirika lisilo la kiserikali lenye makao yake Washington, na kazi yake ni kupima kwa tarakimu udhaifu wa kila dola duniani. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2005 kwa ushirikiano na jarida la Foreign Policy, na jina linalotumika sasa lilianza mwaka 2014. Katika uhakiki huu nitaiita Fahirisi ya Dola Dhaifu, au Fahirisi tu. Nimeitumia kwa muda mrefu, na ninaandika kwa sababu kila toleo linapotoka huwasikia waandishi wa habari, wanafunzi na wanasiasa wetu wakilinukuu bila kueleza linapima nini. Hukumu yangu naitoa mapema: ni chombo kizuri cha kufuatilia mwenendo wa nchi moja kwa miaka mingi, hakitoshi kwa mtu anayetaka kuziona dalili za mwanzo za dola inayoporomoka, na kinapotosha sana pale msomaji anaposhika nafasi ya nchi kwenye orodha na kuziacha safu 12 zilizoizaa nafasi hiyo.

Safu hizo 12 ndizo roho ya huduma yenyewe. Tatu zinahusu mshikamano: hali ya vyombo vya ulinzi na usalama, mgawanyiko wa viongozi kwa makundi, na manung'uniko ya jamii moja dhidi ya nyingine. Tatu zinahusu uchumi: kudorora kwake, tofauti za kimaendeleo baina ya watu na mikoa, na kuhama kwa wananchi pamoja na wataalamu. Tatu ni za siasa: uhalali wa dola machoni pa wananchi, huduma za umma, na haki za binadamu pamoja na utawala wa sheria. Zilizobaki ni shinikizo la ongezeko la watu, wakimbizi wa nje na wa ndani, na uingiliaji wa mataifa ya nje. Kila safu hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na alama kubwa ni mbaya, kwa hiyo nchi mbovu kuliko zote ingeweza kufika 120. Finland na Norway kwa kawaida huwa chini ya 20, ilhali Somalia, Yemen na Sudan Kusini zimekuwa zikizunguka 105 na kuendelea. Alama hupatikana kwa njia tatu zinazokutanishwa: programu ya kompyuta inayochambua mamilioni ya makala na ripoti, takwimu za mashirika kama Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, na wachambuzi wanaopitia matokeo na kuyasahihisha. Toleo la mwaka fulani huhusu mambo yaliyotokea kuanzia Januari hadi Desemba ya mwaka uliotangulia, jambo ambalo limeandikwa wazi katika maelezo ya mbinu zao lakini karibu kila anayeinukuu Fahirisi hulisahau.

Ninaloliheshimu kwanza ni uteuzi wa viashiria. Watu wengi wakiulizwa dola inayoshindwa inaonekanaje watataja vita, na waundaji wa Fahirisi walikataa jibu hilo la haraka. Kuweka mgawanyiko wa viongozi kama safu inayojitegemea, mbali na vyombo vya usalama, kulihitaji kufikiri, kwa sababu katika nchi nyingi zilizoanguka wakubwa waligawana kwanza, kila mmoja akiwa na wizara yake, kikosi chake na redio yake, ndipo risasi zikafuata. Vilevile safu ya uingiliaji wa nje inakubali jambo ambalo vipimo vingine hulificha, yaani kwamba dola inaweza kusimama kwa miguu ya wengine kwa muda mrefu na ikaonekana nzima.

Njia ya haki ya kujaribu kipimo ni kukipa kitu ambacho mwisho wake tayari unajulikana. Nimeijaribu Fahirisi kwa nchi iliyoporomoka kabla yenyewe haijabuniwa, nchi ambayo upande wake wa mashariki huzungumza Kiswahili na ambayo maafa yake yalizifikia Kigoma, Bujumbura na Kampala: Zaire ya Mobutu Sese Seko, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Kwa miaka minane ya mwanzo, mtu mwenye viashiria 12 mkononi angeziona alama zikishuka mwaka hadi mwaka. Vita vya kujitenga vilikuwa vimekwisha, shaba iliuzwa kwa bei nzuri, na sarafu mpya ya mwaka 1967 ilipozinduliwa, zaire moja ilibadilishwa kwa dola mbili za Marekani. Safu za haki za binadamu na za uhalali zingekuwa mbaya, lakini jumla ingeonyesha nchi inayopona. Ndipo Novemba 1973 serikali ikatangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakabidhiwa kwa Wazaire, na sehemu kubwa ikaangukia mikononi mwa wakubwa wa chama na jamaa zao, wengi wao wakiuza mali iliyokuwa dukani bila kuagiza nyingine. Muda mfupi baadaye bei ya shaba ikashuka duniani. Mwaka 1977 na tena 1978 waasi walivuka mpaka kutoka Angola wakaingia mkoa wa Shaba, yaani Katanga, na jeshi la Zaire halikuweza kuwazuia. Mara ya kwanza liliokolewa na askari wa Moroko, mara ya pili na Wafaransa na Wabelgiji waliotua Kolwezi. Hadi hapa Fahirisi ingefanya kazi yake bila lawama: uchumi juu, vyombo vya usalama juu, uingiliaji wa nje juu.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya nisiiamini peke yake. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka mwanabenki Mjerumani, Erwin Blumenthal, kusimamia shughuli ndani ya Benki Kuu ya Zaire. Aliondoka mwaka uliofuata, na katika ripoti iliyojulikana mwaka 1982 alieleza kwamba wadai wa nchi hiyo hawakuwa na matumaini yoyote ya kuiona fedha yao, kwa sababu hapakuwa na mpaka kati ya hazina ya umma na mifuko ya rais na watu wake. Huyo alikuwa mtu aliyeisoma dalili mahali pake, kwenye daftari la malipo, miaka 15 kabla dola haijaanguka. Mikopo iliendelea kutolewa hata hivyo, kwa kuwa Zaire ilikuwa rafiki wa kambi ya Magharibi katika Vita Baridi. Fahirisi isingeweza kumwona Blumenthal mpaka magazeti yamwandike, na hata yangemwandika, maneno yake yangemezwa katika safu moja kati ya 12.

Tazama sasa mtumishi wa umma. Katika miaka ya 1980 mishahara ya walimu, wauguzi na makarani ilikuwa imeliwa na mfumuko wa bei kiasi kwamba haikumfikisha mtu katikati ya mwezi, na mara nyingi haikufika kabisa. Wazaire waliliita jambo hili Kifungu cha 15, yaani kifungu cha kubuni cha katiba kisemacho jitafutieni wenyewe. Linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kwamba mtumishi asiyelipwa haiachi ofisi. Anabaki, kwa sababu mhuri alionao una thamani hata kama mshahara hauna, na kuanzia siku hiyo cheti cha kuzaliwa, kibali cha kusafiri, kitanda cha hospitali na nafasi ya mtoto darasani huuzwa na mtu mmoja kwa mtu mwingine. Kwa nje dola ipo: bendera inapepea, ofisi inafunguliwa asubuhi, fomu inajazwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya migomo mirefu na shule kufungwa, wazazi walikubaliana na makanisa yaliyokuwa yakiendesha shule nyingi kwamba wao wenyewe wawalipe walimu. Mpango huo wa dharura ulidumu hadi Septemba 2019, serikali ya Félix Tshisekedi ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma. Kwa zaidi ya robo karne, kipimo kinachohesabu watoto walio shuleni kingeona huduma ya umma pale ambapo palikuwa na michango ya wazazi.

Hapa ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa safu ya huduma za umma katika Fahirisi. Inauliza kama huduma ipo, inawafikia wangapi na inawafikia kwa usawa gani, na maelezo yake yanagusa hata ufisadi. Haiulizi kwa uzito unaostahili ni nani anayemlipa anayetoa huduma hiyo. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo swali la kwanza, kwa sababu dola ambayo watumishi wake wanalishwa na raia mmoja mmoja, kaunta kwa kaunta, imekwisha kupoteza uwezo wa kuwaamuru hata kama bado inawateua.

Mkoani Shaba, ambako Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa imewazoesha wafanyakazi wake kupata posho ya unga, matibabu na shule za watoto, kiasi kwamba kampuni ikahesabiwa kuwa baba na mama, uzalishaji wa shaba uliporomoka kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Ajira zilipopungua, wanasiasa waliwachochea wenyeji wawanyoshee kidole jirani zao waliotoka Kasai, na kati ya 1992 na 1993 watu wengi mno walifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi, wakasongamana kwenye vituo vya reli wakisubiri treni. Safu ya manung'uniko ya makundi ingepanda ghafla, na ingekuwa sahihi. Lakini chuki hiyo ilikuja baada ya posho kukoma, na Fahirisi huziweka safu hizi mbili kando kwa kando, zikiwa na uzito uleule, bila kumwambia msomaji ipi ilitangulia.

Mpangilio huo wa matukio ndio ninaoukosa kuliko kitu kingine chochote. Septemba 1991 askari wa parachuti waliokuwa na kambi karibu na uwanja wa ndege wa Ndjili walitoka kudai malipo, wakaanza kupora, na raia wakawafuata hadi mji wa Kinshasa ukawa umebomolewa na wakazi wake wenyewe. Mwishoni mwa 1992 benki kuu ikatoa noti ya zaire milioni tano. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akatangaza kwamba noti hiyo si fedha halali, wafanyabiashara wakaikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hizo, walipoona hakuna duka linalozipokea, wakapora tena. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi katika ghasia hizo. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja ikiwa sawa na milioni tatu za zamani, na watu wa Kasai wakaikataa moja kwa moja wakaendelea kutumia noti chakavu za zamani, ambazo kwao zilishika thamani vizuri zaidi. Hebu fikiria uzito wa jambo hilo: mikoa mizima haikuchukua silaha, haikutangaza kujitenga, ila iliamua kwamba sahihi ya gavana wa benki kuu haina maana kwake. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1996, uasi ulioungwa mkono na Rwanda na Uganda ulianza mashariki, na tarehe 17 Mei 1997 wapiganaji waliingia Kinshasa, jeshi la Mobutu likiwa limekimbia mbele yao karibu njia nzima. Mshahara wa mtumishi, kisha mshahara wa askari, kisha noti yenyewe, kisha ardhi: anayeisoma Zaire kwa utaratibu huo hashangazwi na 1997, lakini anayejumlisha alama 12 bila utaratibu huona tu namba kubwa inayozidi kuwa kubwa.

Sasa niyaangalie matoleo halisi. Sudan katika toleo la 2022 ilikuwa na alama 107 na ushee, na katika toleo la 2023 ilishuka kidogo hadi 106 na ushee, ikimaanisha kwamba kwa hesabu za mwaka 2022 nchi ilionekana kupata nafuu ndogo. Tarehe 15 Aprili 2023 jeshi na kikosi cha wanamgambo cha RSF vilianza kupigana katikati ya Khartoum, na baada ya muda mfupi serikali ilihamia Port Sudan. Sikilaumu chombo kwa kutojua tarehe ya vita. Nakilaumu kwa sababu dalili ilikuwa wazi kwa kila mtu, nayo ni kwamba nchi moja ilikuwa na majeshi mawili, kila moja likiwa na mkuu wake, biashara yake ya dhahabu na marafiki wake wa nje, na bado jumla ya alama ikasogea kuelekea upande wa nafuu. Katika toleo la 2024 Sudan ilipanda hadi nafasi ya pili ikiwa na takriban alama 109. Mji mkuu kuharibiwa, mamilioni kuhama makwao, na tofauti kwenye karatasi ni alama tatu. Alama za nchi zilizoko juu zimebanana mno kiasi kwamba haziwezi tena kuonyesha ukubwa wa maafa.

Hali ni hiyohiyo kwa Kongo ya leo. Tangu 2005 haijawahi kutoka katika nchi kumi za mwanzo, na namba isiyotikisika kwa miaka yote hiyo haimsaidii mkazi wa Goma kujua kama mwaka huu ni tofauti na uliopita. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, na watu wenye akiba zao wakawa wanahangaika kutafuta noti, wengine wakivuka hadi Gisenyi kuzifuata. Mtu yeyote aliyepitia hayo anajua kwamba kufungwa kwa benki kulimuumiza kwa namna ambayo kubadilika kwa bendera peke yake kusingemuumiza.

Somalia inaleta tatizo la aina nyingine. Siad Barre alikimbia Mogadishu Januari 1991, na miezi michache baadaye Somaliland ikajitangazia uhuru ambao mataifa mengi hayajautambua. Fahirisi hutoa alama moja kwa nchi nzima kama inavyotambuliwa kimataifa, kwa hiyo Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, yenye sarafu yake, polisi wake na historia ya uchaguzi ambao walio madarakani wameshindwa na kuondoka, inabeba namba ileile ya Mogadishu. Wabarawa, ndugu zetu wasemao Chimwini, waliokimbilia Mombasa kwa mashua mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambao leo wengi wao wanaishi London na Atlanta, wanajua vizuri jinsi mji mmoja ulivyoweza kuporwa na kila kundi linalopita wakati mji mwingine ukiwa na utulivu. Shilingi ya Somalia nayo iliendelea kupokelewa sokoni miaka mingi baada ya benki kuu iliyoitoa kufungwa, kinyume kabisa cha yaliyotokea Kasai. Ni jambo la kustaajabisha, na linamwonya yeyote, mimi nikiwemo, anayependa kutegemea dalili moja kwa kila nchi.

Kwa upande wa pili, Fahirisi ina tabia ya kuipima nchi kwa kishindo. Kenya ilikuwa na alama za wastani wa juu kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007. Baada ya ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu, ilipanda hadi miongoni mwa nchi 15 za mwanzo katika toleo la 2009, jirani na nchi ambazo serikali zake hazikuweza kufika mikoani. Majeraha yale yalikuwa makubwa na sitaki kuyapunguza. Hata hivyo serikali iliendelea kukusanya kodi na kulipa watumishi wake, mahasimu wawili walitia sahihi makubaliano tarehe 28 Februari 2008 mbele ya Kofi Annan, na katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Dola iliyoshindwa haiwezi kufanya hayo ndani ya miezi 30. Kinyume chake ni Libya: katika toleo la 2010 ilikuwa baada ya nafasi ya 100, ikionekana salama kuliko nchi nyingi, na mwaka uliofuata ikasambaratika. Utulivu wa Muammar Gaddafi ulisomwa kama uimara, kwa sababu nchi isiyo na magazeti huru haizalishi habari nyingi za kuchambuliwa na programu.

Kuna dalili nyingine ambayo Kiswahili cha Tanzania kina jina lake tayari. Mwaka 2016 serikali iliposaka watumishi hewa, kila mtu alielewa maana yake: majina kwenye orodha ya mishahara yasiyo na watu. Jeshi pia linaweza kuwa hewa. Mosul, mji wa pili kwa ukubwa nchini Irak, ulianguka Juni 2014 mbele ya wapiganaji wachache kuliko askari waliotakiwa kuulinda, na mwishoni mwa mwaka huo Waziri Mkuu Haider al-Abadi alitangaza kwamba uchunguzi umegundua askari hewa 50,000. Kabul ilianguka Agosti 2021 ikiwa na tatizo hilohilo, ambalo wakaguzi wa Marekani walikuwa wamelionya kwa miaka. Safu ya vyombo vya usalama katika Fahirisi hupanda kunapokuwa na mashambulizi, mapinduzi na wanamgambo, lakini pengo kati ya orodha ya mishahara na watu waliosimama mstarini ni jambo la wakaguzi, na taarifa za wakaguzi mara nyingi hazifiki gazetini mpaka mji umeshaanguka.

Kuhusu matumizi ya kila siku, sina malalamiko mengi. Tovuti ni ya bure, haidai usajili, na majedwali ya miaka yote yanapakuliwa yakiwa tayari kwa kufanyiwa hesabu. Unaweza kuweka nchi mbili kwenye chati moja, na unaweza kuchagua kiashiria kimoja na kukifuata tangu 2006, jambo ambalo nalipendekeza kuliko jingine lolote. Ramani ya rangi inavutia macho ila haina faida kubwa. Maandishi yote ni ya Kiingereza, na kwa chombo ambacho nchi nyingi za juu kwenye orodha yake zinazungumza Kiarabu, Kifaransa, Kisomali na Kiswahili, hilo ni pungufu linalogusa hata ubora wa data, maana tetesi za kwanza za mshahara uliochelewa husemwa kwa lugha ya mtaani muda mrefu kabla hazijaandikwa kwa Kiingereza.

Kuna mbadala. Kikosi cha watafiti kilichoundwa Marekani mwaka 1994 kuchunguza kuanguka kwa dola kilijaribu mamia ya vigezo na kugundua kwamba vichache vilitosha kutenganisha nchi nyingi zilizoanguka na zilizosimama: vifo vya watoto wachanga, uwazi wa biashara na nje, na aina ya utawala, hasa tawala zilizo nusu ya demokrasia na nusu ya mabavu. Ni kipimo kikavu, hakina ramani ya kupendeza, lakini kilijaribiwa dhidi ya historia kwa namna ambayo Fahirisi haijawahi kufanya hadharani. Mwanafunzi anayeandika tasnifu asiishie kwenye Fahirisi bila kukipitia.

Kwa nyota tano naipa Fahirisi tatu. Mwalimu wa uraia aitumie, akiwaelekeza wanafunzi wake kufungua safu badala ya jumla. Mwandishi wa habari aitumie, kwa sharti la kuandika kwamba toleo la mwaka huu linazungumzia mwaka uliopita, na aache kabisa kuandika kwamba nchi fulani imeipiku nyingine kwa nafasi mbili, kwa kuwa tofauti ya nusu alama haina maana yoyote katika kipimo cha aina hii. Anayetaka kuwekeza au kuhamisha familia yake asiitegemee peke yake.

Ningeongeza nyota ya nne iwapo Fund for Peace wangeingiza mambo mawili yanayoweza kupimwa kila mwezi. La kwanza ni tofauti kati ya bei rasmi ya fedha za kigeni na bei ya mtaani. Lebanon ilishikilia bei rasmi ya takriban pauni 1,500 kwa dola ya Marekani tangu mwaka 1997, na pengo lililofunguka mwaka 2019 lilitangulia yote yaliyofuata, ikiwemo jeshi la nchi hiyo kuondoa nyama kwenye milo ya askari walio kazini mwaka 2020. Alama za Lebanon kwenye Fahirisi zilipanda baadaye, katika matoleo ya 2021 na 2022. La pili ni idadi ya siku ambazo mishahara ya walimu na askari imechelewa, wilaya kwa wilaya. Vyama vya walimu katika nchi nyingi za Afrika tayari hukusanya taarifa hizo kwa ajili ya madai yao, na shirika lenye uwezo wa kuchambua mamilioni ya makala haliwezi kushindwa kuwapigia simu.